Huduma changa za mwaloni: zinavunjwa na adui wa nje au na waumini wasiokua?

Mwalo_wa_Injili (mleta mada)
Shalom wanajukwaa. Huku Mwanza kwenye mialo ya wavuvi, kuanzia Kirumba hadi Kayenze, na ukivuka maji hadi Ukerewe na Ukara, vikundi vya maombi na makanisa madogo yanaanzishwa kila leo. Yanaanza na moto. Mwaka wa pili au wa tatu yanapasuka, na ukiuliza unajibiwa kwamba adui ameinuka.

Msimamo wangu ni huu: upinzani wa nje haujawahi kusimamisha kazi ya Mungu. Kinachoisimamisha ni watu waliookoka miaka mingi na bado wananyonya maziwa. Paulo alipowaita Wakorintho watoto wachanga (1 Kor 3:1-3), ushahidi aliotoa ulikuwa wivu na fitina zao. Na Nehemia alimaliza ukuta wa Yerusalemu kwa siku 40 huku mpinzani wake Sanbalati akipiga kelele.

Wenye ujuzi wa uongozi, mtumishi aliyezungukwa na wapinzani nje na wachanga ndani afanye nini, hatua kwa hatua? Tafadhali msiniambie "omba tu".

Bereya
Ni siku 52, Nehemia 6:15. Ukuta ulimalizika tarehe 25 ya mwezi Eluli.

Na hilo neno "haujawahi" haliwezi kusimama. Soma Ezra 4:23, wapinzani walikwenda Yerusalemu na barua ya mfalme mkononi wakawakomesha Wayahudi kwa nguvu. Mstari unaofuata unasema kazi ya hekalu ilisimama hadi mwaka wa pili wa Dario. Ukihesabu tangu msingi ulipowekwa, ni kama miaka 16. Lakini Hagai alipokuja kukemea mwaka huo wa pili wa Dario, hakuwakemea Wasamaria. Aliwakemea watu waliokuwa wanakaa kwenye nyumba zilizopambwa kwa mbao huku wakisema wakati haujafika (Hag 1:2-4). Upinzani ulisimamisha kazi, mazoea yakaiacha imelala. Zote mbili zimo.

Mama_Vichanja
Mleta mada, unawaita wachanga watu ambao ratiba ya kanisa imewaacha nje.

Mwaloni maisha yanafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapandishwa ufukweni, wavuvi wanashona nyavu au wanakwenda kwao. Sasa wewe umepanga darasa la waongofu kila Jumatano jioni. Mvuvi anakuja Jumatano moja au mbili, giza likirudi anapotea, akija tena mmefika somo la sita. Baada ya miezi kadhaa ameandikwa kwenye orodha ya waliorudi nyuma.

Panga hivi: darasa la wanaume liwe mfululizo, jioni tano au sita za mbalamwezi, kisha pumzika hadi mbalamwezi nyingine. Tumia kalenda yenye alama za mwezi, ibandike ukutani. Akina mama wa kuanika usiwaite alfajiri, maana hiyo ndiyo saa mitumbwi inaingia na mzigo unagombaniwa kwa ndoo. Waite mchana dagaa wakiwa wameshatandazwa juani, mkae kivulini jirani na vichanja. Masika wingu likipanda hapo hakuna kipindi, kila mtu anakimbilia kukusanya, na mwalimu asinune. Dagaa walionyeshewa wanaharibika, wakiuzika wanauzika kwa bei ya chakula cha kuku. Mwalimu akiinuka kusaidia kukunja turubai, kipindi kijacho atakuta wamejaa.

Mwombezi_Igoma
Bwana asifiwe. Ratiba ni nzuri, lakini mnaigeuza kazi ya Mungu kuwa mradi. Waefeso 6:12, kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Sehemu nyingi za huku zimefunikwa na maagano ya ukoo. Mtu anabatizwa Jumapili, Jumatatu anaitwa nyumbani kwa mambo ya mizimu au ya mapacha, akikataa anatengwa. Hilo nalo utalitatua kwa kalenda? Kikundi bila mnyororo wa maombi hakifiki mbali. Watu wanne, kila mmoja saa moja usiku, kila siku. Saa ziandikwe majina.

Bereya
@Mwombezi_Igoma mnyororo naunga mkono. Ila andiko lako ukilisoma hadi mstari wa 14 na 15 utakuta silaha za kwanza ni kweli, haki na utayari. Na Nehemia 4:9 inaweka mambo mawili katika sentensi moja: walimwomba Mungu, na wakaweka walinzi mchana na usiku. Kwenye mstari wa 13 aliwapanga walinzi kwa jamaa zao, mahali palipokuwa chini, wana panga, mikuki na pinde. Aliyeomba ndiye aliyejua ukuta umepungua wapi.

Karani_wa_Kanisa
Naongezea hapo kwa Bereya. Kazi ya hekalu ilipoanza tena, Tatenai liwali alikuja na swali la kiserikali kabisa: nani amewapa amri ya kujenga, na majina ya wajenzi ni nani (Ezra 5:3-4)? Wazee hawakumwita wakala wa shetani. Walimtajia amri ya Koreshi ya mwaka wake wa kwanza, wakaendelea na kazi. Kumbukumbu zikapekuliwa, hati ikaonekana Ahmetha (6:2). Huyohuyo Tatenai akaagizwa gharama zitoke katika kodi za upande wake (6:8). Hekalu likaisha mwaka wa 6 wa Dario.

Kwa hapa Mwanza, sehemu kubwa ya kinachoitwa vita ni karatasi. Angalieni vitu vitatu.

Usajili. Taasisi ya dini inasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337. Mnahitaji katiba, muhtasari wa kikao na taarifa za viongozi, na mkishasajiliwa kuna taarifa na ada za kila mwaka. Kikundi kilicho chini ya dhehebu lililosajiliwa kiwe na barua ya utambulisho kutoka ngazi ya juu, nakala ikae ofisi ya serikali ya mtaa tangu wiki ya kwanza. Mwenyekiti akija kuwauliza akakuta barua yenu tayari iko kwenye faili lake, mazungumzo ni tofauti kabisa.

Kiwanja. Kikinunuliwa kwa jina la mchungaji ni cha mchungaji. Akifariki kinaingia kwenye mirathi, na watoto wake wana haki kisheria hata kama kila bati limetoka kwenye sadaka. Mali ya kanisa ishikwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya Sura ya 318. Karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa inathibitisha mliuziana. Hatimiliki ni kitu kingine.

Kelele. Hii ndiyo inaanzisha ugomvi mwingi na majirani. Spika za tarumbeta zikielekezwa barabarani kwenye makazi yaliyobanana kama Mabatini, hata jirani mpole atakwenda kulalamika, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wana kanuni za kelele. Geuzeni spika ziangalie ndani, shusheni besi, na mkesha ufanyike bila vyombo kuanzia saa nne usiku. Kama mtaa mzima haujalala kwa ajili yenu, msiseme mnateswa kwa ajili ya Jina.

Damu_ya_Thamani
Mnasahau kwamba ziwa hili limefunguliwa kwa damu. Wamisionari wa kwanza waliuawa hapo Ukerewe kwa sababu ya kuhubiri Injili, na Mackay naye akauawa Usambiro. Upinzani ni sehemu ya wito.

Mzee_Bwiru
Kijana, tuliza kidogo. Shergold Smith na O'Neill wa CMS, shirika la misioni la Waanglikana wa Uingereza, waliuawa Ukerewe Desemba 1877, hilo ni kweli. Lakini ugomvi ulikuwa kati ya mtemi Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro, na jahazi lilikuwa katikati ya mambo. Wamisionari walikuwa na biashara ya chombo na Songoro, naye alipoandamwa akakimbilia kwao, wakakataa kumtoa. Wakafa pamoja naye. Walikufa kwa ujasiri, wakimkinga mtu, lakini hawakufa kwa sababu ya mahubiri.

Mackay, mmisionari mwingine wa CMS, hakuuawa. Mwaka 1887 alilazimika kutoka Buganda, akahamia Usambiro kusini mwa ziwa, akafa kwa homa Februari 1890. Baadaye, mwaka 1927, mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala. Aliyeuawa ni Askofu Hannington, Busoga, Oktoba 1885.

Nayaandika haya kwa sababu yanagusa mada. Kabla hujauita upinzani mateso, uliza nani anamdai nani. Mara nyingi mtumishi ameingia katikati ya ugomvi wa kiwanja, wa ukoo au wa deni bila kujua, na yeye anaendelea kukemea roho.

Mwalo_wa_Injili (mleta mada)
Asanteni, uzi umepata uzito. Mzee Bwiru, hoja ya "nani anamdai nani" naichukua. Lakini bado hamjagusa wachanga wenyewe. Mtu ana karama ya kuimba, anapewa kwaya mwezi wa pili, mwezi wa nane ametoka na nusu ya wanakwaya. Hapo hakuna Tatenai wala spika.

Mwalimu_wa_Darasa
Hapo amekosea aliyempa kwaya. 1 Tim 3:6 inakataza mwongofu wa karibuni kuwa mwangalizi, na mstari wa 10 unataka hata mashemasi wajaribiwe kwanza. Karama huonekana haraka, tabia inachelewa kuonekana.

Darasa linalofanya kazi lina watu sita hadi wanane. Wakizidi kumi, nusu wanageuka wasikilizaji tu. Tumia Injili ya Marko, ina sura 16, kila kipindi sura moja. Kwa utaratibu wa Mama_Vichanja wa jioni tano au sita kila mbalamwezi, unaimaliza kwa mizunguko mitatu.

Kipindi kiende hivi. Sura isomwe kwa sauti mara mbili, na wasomaji wawili tofauti. Kisha mmoja aisimulie yote bila kutazama kitabu, wenzake wamrekebishe. Hatua hii isirukwe, maana ndiyo inayowabeba wasiosoma vizuri, na mara nyingi wao ndio wanaosimulia vizuri kuliko wasomi. Halafu maswali: tumeona nini kuhusu Yesu, tumeona nini kuhusu watu, kipi cha kutii kabla ya kukutana tena? Kila mmoja ataje jambo moja linaloonekana kwa macho, kama kulipa deni fulani, kuomba radhi au kurudisha nyavu za watu. Kipindi kinachofuata kinaanza na taarifa ya hilo jambo. Dakika 90 zinatosha.

Linaharibikaje? Mwalimu anageuka mhubiri, anaongea dakika 70. Au taarifa za utii zinaachwa kwa kuoneana haya, na darasa linabaki la kukariri. Au darasa linafungwa kwa cheti na sherehe, mtu anaona amehitimu wokovu.

Baada ya Marko mpe kazi isiyo na kipaza sauti kwa miezi sita: kupanga viti, kuwaangalia watoto, kwenda wodini Sekou Toure au Bugando kuona wagonjwa. Anayelalamika kwamba haonekani amekujibu swali lako mwenyewe.

Paulo alikaa Korintho mwaka mmoja na miezi sita (Mdo 18:11). Efeso alihojiana nao kila siku kwa miaka miwili kwenye darasa la Tirano (Mdo 19:9-10), na nakala chache za kale zinaongeza muda wenyewe, saa tano hadi saa kumi, saa ambazo wengi walikuwa wamekimbia jua. Sisi tunamtaka mtu akue kwa semina ya siku tatu.

Mwombezi_Igoma
Na bado Korintho hiyohiyo iliyofundishwa mwaka na nusu ndiyo iliyokuwa changa kuliko zote. Naomba ulijibu hilo, Mwalimu.

Bereya
Hoja nzito hiyo. Mafundisho peke yake hayakuwatosha.

Mwalimu_wa_Darasa
Sina jibu fupi. Naona tu kwamba Paulo hakuwaacha. Aliandika, akamtuma Timotheo, akamtuma Tito, akarudi mwenyewe.

Ng'wana_Nyanda
Wakuu, mbona mnazunguka? Tatizo la mwaloni liko kwenye mtumbwi. Muumini ananunua mtumbwi kwa ubia na kaka yake asiyeamini. Siku ya kuushusha majini kaka anamleta mganga, hirizi inafungwa omoni. Mchungaji anamwambia muumini aitupe ziwani. Akiitupa, dagaa wakikosekana mzunguko mmoja analaumiwa yeye, ubia unavunjika, watoto wanakosa ada. Asipoitupa anaitwa mnafiki. Mnamshauri nini?

Mwombezi_Igoma
Itolewe. Nuru na giza havishirikiani.

Mzee_Bwiru
Itolewe na nani? Mtumbwi nusu si wake. Gideoni alibomoa madhabahu ya baba yake, ndiyo, lakini kwa amri ya wazi ya Mungu, na baba yake mwenyewe akasimama kumtetea (Amu 6:25-31). Huyu wetu aanze kabla ya mtumbwi kuchongwa. Masharti ya ubia yaandikwe: gharama ya mbao, injini na nyavu imegawanywaje, mapato yanagawanywa lini, na kwamba hakuna mganga kwenye fedha ya pamoja. Kaka akikataa, muumini anajua mapema asiingie. Akiwa ameshaingia, aseme mbele ya mashahidi kwamba hachangii wala hategemei kile kitu, kisha atafute kununua sehemu ya mwenzake au kuuza yake.

Ng'wana_Nyanda
Kuuza yake maana yake arudi kuwa kibarua wa tajiri mwingine, ambaye naye ana hirizi.

Mama_Vichanja
Ndiyo maana kanisa liwe na mfuko wa kusaidiana. Ukimwambia mtu aache riziki, uwe umejua atakula wapi wiki hiyo.

Damu_ya_Thamani
Na ndani ya kanisa kukopeshana kumevunja wengi kuliko waganga.

Karani_wa_Kanisa
Hapo Damu_ya_Thamani umegonga penyewe. Nehemia sura ya 5, kazi ikiwa katikati, kilio kikubwa kilikuwa dhidi ya ndugu zao Wayahudi: mashamba yamewekwa rehani, watoto wametiwa utumwani, riba ni sehemu ya mia. Nehemia aliita mkutano mkubwa, akadai mali irudishwe siku ileile, akawaapisha mbele ya makuhani. Na aliweza kusema hivyo kwa sababu miaka 12 hakula chakula cha liwali (5:14). Kiongozi anayedaiwa na waumini hana mdomo wa kuwakemea.

Sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, palepale baada ya ibada, iandikwe kwenye daftari lenye kurasa zilizopigwa namba, wote wasaini. Iende benki Jumatatu. Waweka saini watatu, wowote wawili watoe. Sadaka ya simu isiingie namba binafsi ya mchungaji. Chukueni lipa namba ya kanisa. Kila miezi mitatu mhazini asome mapato na matumizi mbele ya watu, na maswali yaruhusiwe palepale. Paulo alituma mchango na watu zaidi ya mmoja ili asilaumiwe (2 Kor 8:18-21).

Shemasi_Nyegezi
Mmewasema waumini sana. Na mchungaji mwenyewe? Tobia, mpinzani wa Nehemia, alipata chumba ndani ya hekalu, na aliyempa ni kuhani Eliashibu, kwa sababu ya undugu (Neh 13:4-7). Wakuu wa Yuda walikuwa wanaandikiana barua na Tobia wakati ukuta unajengwa (6:17). Diotrefe wa 3 Yohana 9 alikuwa kiongozi, si mwongofu mpya. Huduma nyingi zinapasuka kwa sababu mwanzilishi ndiye katiba. Hakuna baraza la wazee, hakuna anayeweza kumwambia hapana.

Akishitakiwa, 1 Tim 5:19 inataka mashahidi wawili au watatu. Kwa hiyo malalamiko yaandikwe, yasainiwe, yapokelewe na wazee, asikilizwe kwa siku iliyopangwa. Yasiende kwenye kundi la WhatsApp. Makundi yawe mawili: la matangazo, ambalo viongozi peke yao wanaandika, na la maombi. Ugomvi ukianza kwenye la maombi, msimamizi alifunge usiku huohuo na wahusika waitwe ana kwa ana, kama Mathayo 18:15 inavyoanza, wewe na yeye peke yenu.

Mwombezi_Igoma
Hapo nakubali. Naongeza la unabii. Shemaya alimtabiria Nehemia ajifungie hekaluni maana wanakuja kumwua. Nehemia akatambua kwamba Tobia na Sanbalati wamemwajiri (6:10-13). Anayekuja na "Bwana ameniambia uhame" apimwe: unabii wake unamsukuma mtumishi kwenye woga na dhambi, au kwenye utii? Na nani anamlipa? Usemwe mbele ya wazee, usemwe polepole, uandikwe.

Bereya
Na mialiko pia. Mara nne walimwita Nehemia kwenye nchi tambarare ya Ono, mara ya tano wakaleta barua iliyofunguliwa. Jibu lake halikubadilika: nafanya kazi kubwa, siwezi kushuka. Mtumishi anayejibu kila sauti iliyorekodiwa na kusambazwa hana muda wa kuandaa somo la Jumapili.

Shemasi_Nyegezi
Tusisahau Watekoa kwenye ujenzi wa ukuta wa Nehemia. Wakuu wao hawakutia shingo kazini (3:5). Watu wa kawaida wa Tekoa wakamaliza sehemu yao, wakaongeza na sehemu ya pili (3:27). Nehemia aliandika mstari mmoja kuhusu wale wakuu, akapita.

Mzee_Bwiru
Kwa hilo turudi kwa Mackay kidogo, mnisamehe. Stanley alipita Usambiro mwaka 1889, akamshauri aondoke naye kwenda kupumzika. Alikataa, akabaki na tafsiri zake, mtambo wake wa kuchapa na injini ya mashua aliyokuwa anaiunda. Nassa nayo, kwenye ghuba ya Speke, CMS waliianzisha 1888, na mwaka 1909 ikapokelewa na AIM (Africa Inland Mission). Kazi ilibadilisha mikono na waanzilishi hawakuona AIC (Africa Inland Church) ya leo.

Damu_ya_Thamani
Mzee, ukifika kwa Mackay tutakesha hapa 😀 lakini endelea, tunajifunza.

Mwalo_wa_Injili (mleta mada)
Nimesoma zote. Bado naona uchanga ndio mzizi, Karani anaona karatasi, Shemasi anaona mchungaji, Mama anaona mwezi. Wengine waendelee. Karani, swali: kikundi kina familia tatu tu, wote ndugu. Wahesabu sadaka watatoka wapi?

Karani_wa_Kanisa
Mwombeni kanisa mama au tawi la jirani mtu mmoja aje mara moja kwa mwezi. Hadi aje, bahasha zifungwe mbele ya wote, zisainiwe juu ya mkunjo, ziingie kwenye boksi lenye kufuli mbili na funguo zikae nyumba mbili. Atakapokuja zifunguliwe naye, zilinganishwe na daftari la wahudhuriaji.

Mama_Vichanja
Na sisi wa Ukara, ambao benki ni safari ya kuvuka maji?

Karani_wa_Kanisa
Wakala wa benki kama yupo kisiwani, mkiweka wawili pamoja. Risiti ya mashine ibandikwe daftarini na itolewe nakala siku hiyohiyo, kwa sababu wino wa zile karatasi unafutika ukikaa kwenye joto.

Mama_Vichanja
Hilo la nakala ni la maana. Tutapiga na picha kwa simu ya mhazini na ya katibu, zote mbili.